Jibu kwa dada wa Muyeye: vyoo vya shule, na yaliyotukuta sisi Pate

Salaam aleikum. Dada wa Muyeye ameuliza: watoto wa klabu ya shule ya mwanawe huko Malindi wanataka kupeleka malalamiko ya vyoo serikalini, na kwenye kikao cha wazazi akasimama mzee mmoja akasema watoto hawana kura, waachwe wasome. Anataka kujua kama kuna aliyewahi kupita njia hiyo. Mimi nimepita, tena nikajikwaa, kwa hiyo mniwie radhi jibu likiwa refu.

Nilikuwa nikifundisha shule ya msingi kisiwani Pate, kaunti ya Lamu. Shida yetu ilikuwa maji. Huku visiwani visima vingi vina munyu, na maji ya kunywa watu huyategemea mvua kwa jabia. Kwa asiyeijua, jabia ni sakafu pana iliyopigwa kwa mteremko. Mvua ikinyesha maji yanateremka na kuingia kwenye tangi lake. Masika yakiwa mema tunashukuru Mungu. Yakikosa, au jabia ikipasuka, ikifika kaskazi ya Januari na Februari utaona punda na madumu njia nzima, na nyuma ya punda mtoto aliyetakiwa awe darasani. Ya kijiji chetu ilikuwa imepasuka.

Mwaka wa 2018 kulitangazwa kikao cha wananchi kutoa maoni ya bajeti. Nikakaa usiku nikaandika hotuba, Kiswahili cha kupendeza, ibara za katiba humo ndani, nikampa msichana wa darasa la saba aihifadhi. Akaisema bila kukosea hata neno. Makofi, simu juu, picha. Kisha afisa aliyekuwa akiandika maoni akamuuliza swali ambalo halikuwa hata la mtego: nyumbani kwenu mnatumia madumu mangapi kwa siku? Msichana akanigeukia mimi. Jibu alikuwa nalo, kwani mchotaji ni yeye! Lakini kwenye karatasi yangu halikuwamo, na mimi nilishamzoesha kuwa la kusema ni lililoandikwa. Akanyamaza. Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya, na maoni yetu yakaingia kwa maneno mawili: maji shuleni. Kwenye boti kurudi hakuna aliyenilaumu. Ingekuwa nafuu wangenilaumu.

Basi dada, kama utaunga mkono, usiwaandikie. Na mwalimu wao asiwaandikie.

Mwaka uliofuata hatukuanza na hotuba. Watoto wakageuza karatasi za kalenda za zamani, wakachora safu upande wa nyuma: nani amechelewa au hakuja kwa sababu ya maji, ameleta madumu mangapi, ametoka wapi. Wiki tatu, kila asubuhi. Mtoto mmoja wa darasa la nne, mdogo hivi, akaongeza safu ya bei ya dumu, kwa sababu baba yake ana punda na alikuwa akiiona ikipanda. Mimi sikuwahi kulifikiria hilo.

Halafu wakaongeza safu nyingine: maji yanakwenda wapi. Hapo nikatoka jasho. Madumu kadhaa kila siku yalikuwa yakiishia nyumba za walimu. Ndiyo, sisi. Tulikuwa tukiwatuma, kama sisi tulivyotumwa na walimu wetu, na hakuna aliyekuwa akiona ni jambo. Nitasema kweli, niliwaomba safu ile waifute. Nikawaambia itatuharibia hoja yetu mbele ya serikali. Yule msichana wa hotuba, sasa yuko darasa la nane, akanijibu polepole, "Maalim, wewe ulitwambia tuhesabu." Karatasi ikapelekwa ofisini kwa mwalimu mkuu vile vile ilivyo. Kwenye chumba cha walimu palikuwa kimya siku mbili tatu. Jumatatu iliyofuata mwalimu mkuu akatangaza hakuna mwanafunzi atakayetumwa maji ya mwalimu tena. Kwa hiyo kabla hawajafika kwa mkubwa yeyote wa serikali, watumishi wa umma wa kwanza waliobadilishwa na watoto wale tulikuwa sisi.

Sasa mambo ya milango, maana hapa ndipo wengi hupoteza miaka. Ile mara ya kwanza tuliambiwa shule ya msingi si kazi ya kaunti, nasi tukaona tunazungushwa. Hatukuwa tunazungushwa. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limegawa kazi: chekechea, zahanati na huduma za maji ziko kaunti, shule za msingi na sekondari ziko serikali kuu. Mara ya pili watoto hawakutaja maji ya shule. Walitaja jabia ya kijiji, ambayo shule nayo inachota. Maji yale yale, jabia ile ile, ila ombi sasa lilikuwa limefika mlangoni kwake.

Yenu ni vyoo vya shule ya msingi. Najua bunge la kaunti ya Kilifi liko hapo hapo Malindi, mnaweza kwenda kwa tuktuk, na kishawishi ni kuanzia hapo kwa sababu ni karibu. Kama shida ni maji ya kunawia, sawa, nendeni. Kujenga milango mipya ya choo, anzeni na bodi ya shule, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo na ofisi ya CDF, ule mfuko wa maendeleo, ya eneo bunge lenu.

Na tarehe. Kwa upande wa kaunti, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, karatasi ya mwelekeo wa bajeti kufikia 28 Februari, makadirio yenyewe kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Anayekwenda kulia Juni anawakuta watu wanafunga mifuko. Sisi hesabu yetu tuliikusudia imalizike kabla ya Februari kwisha.

Mzee wa kura mjibuni kwa adabu, ni mzee. Lakini Ibara ya 37 ya Katiba inasema kila mtu ana haki ya kukusanyika kwa amani na kuwasilisha malalamiko kwa wenye mamlaka. Kila mtu, haikusema kila mpiga kura. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo inampa mtu haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti, na Sheria ya Watoto ya 2022 inataka mtoto asikizwe katika jambo linalomhusu kwa kadiri ya umri wake na upevu wake. Kwa kawaida mzee kama huyo hageuzwi na ibara, lakini anageuzwa na mjukuu wake. Mmoja wa kwetu alikuwa mkali hivyo hivyo mpaka alipoona jina la mjukuu kwenye karatasi, mara sita kwa wiki mbili.

Kuna vitu vya kuogopa pia. Majina ya watoto tuliyaacha shuleni. Nakala iliyotoka ilikuwa na idadi tu, darasa na siku. Picha hatukuruhusu tena. Wazazi walitia sahihi kabla ya safari, na boti tulilipanga kwa saa za maji kujaa, kwa sababu maji yakipwa Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari tunaoupita, mtakaa mchangani mpaka yajae, na kila mtoto alivaa boya, hata wale wanaojua kuogelea kuliko nahodha. Mgombea mmoja alituma salamu kuwa angewashonea watoto fulana. Tulimshukuru, tukamwambia wana sare.

Matokeo? Tuliomba jabia mpya, hatukuipata. Kwenye makadirio ya mwaka ule hatukuwamo kabisa. Watoto wakaandika barua kuuliza kwa nini, mzazi mmoja akatia sahihi yeye kwa sababu Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inazungumzia raia na tuliogopa mtu asije akaleta ubishi wa umri; sheria hiyo inatoa siku 21 za kujibu. Jibu likaja. Halikuwa tamu lakini lilikuwa jibu. Kisha corona, shule zikafungwa Machi 2020, nikajua limekufa. Mwaka wa 2021 wakaja mafundi wakaziba nyufa na kupiga sakafu upya. Jabia ile ile ya zamani. Yule msichana alikuwa sekondari huko Lamu mjini. Nikampigia simu kumwambia, akauliza tangi nalo limeoshwa? Halikuwa limeoshwa. Tukaenda kuliosha.

Kwa hiyo dada, muunge mkono mwanao. Kipimo kinachotumiwa na wizara ni mlango mmoja wa choo kwa wasichana 25 na mmoja kwa wavulana 30. Waache watoto wahesabu ya kwenu: milango mingapi, mingapi inafungika kwa ndani, wasichana wangapi kwa kila mmoja, na foleni ya mapumziko inachukua dakika ngapi. Wasisahau vyoo vya walimu, viko vingapi na nani anaviosha. Ukipata namba hizo ziweke hapa, tutazame pamoja barua ianze vipi.