Kiingilio Sikurudisha

Mwanangu Somoe,

Salaam zako zimefika, na flashi pia. Huku Mikindani hatujambo, ila goti la mama yako, nalo unalijua lina mambo yake. Umeuliza kama uzuri wa michoro unaweza kufidia filamu inayojikokota, maana hiyo katuni ya Kijapani ya Binti Kaguya imekuchosha, mumeo kalala, watoto wakaomba simu. Tumeitazama juzi usiku. Dakika 137! Mama yako kalia. Mimi nimeinuka mara mbili kwenda kuangalia kama geti limefungwa, na lilikuwa limefungwa.

Lakini ngoja kwanza. Unajua ninavyosema siku zote: muda wa mtu ni mali yake, ukiuchukua uulipe. Nimelisema tangu enzi za banda la video, na kuna watu humu ndani wamechoka kulisikia. Ila kulipa si lazima iwe kwa mbio. Zile filamu za Kihindi tulizokuwa tukionyesha zilichukua hata muda wa saa tatu nzima. Kihindi hakuna aliyekijua, na nyimbo ziliimbwa mpaka na wauza samaki. Watu walitoka macho mekundu, wanauliza kesho ipo nyingine? Kwa hiyo urefu usiusingizie.

Wewe ulikuwa mdogo, huenda umeusahau ule mkanda wa katuni. Msimu wa korosho, watu wana fedha, banda limejaa mpaka mlangoni. Aliyeniuzia kaniambia ni vita. Kumbe katuni, tena hakuna hata anayepigwa kofi. Kuna mahali ajuza anaosha bakuli, nje mvua inanyesha. Basi, hakuna kingine. Anaosha, mvua inanyesha. Lakini ule mkono, Somoe! Kidole gumba kinazunguka ukingoni mwa bakuli, kinasita penye ufa, kinaendelea. Vijana wakaanza: "Peleka mbele! Peleka mbele!" Mmoja akawa anapiga benchi. Deki iko pembeni yangu, kitufe hiki hapa. Nikakataa. Wakadai kiingilio chao. Nikawaambia jenereta imeshakunywa mafuta, haiwezi kuyatapika. Wakatoka wote, wakanitukania nje hadi mjomba wako akatokeza na mwiko mkononi. Kiingilio sikurudisha, na wangekuja leo na mvi zao nisingerudisha. Muda wao niliulipa kwa ule mkono. Wao ndio hawakutaka kuhesabu.

Akabaki mzee mmoja, yule fundi wa vinyago wa Newala aliyekuwa akija kwa dada yake. Akaniomba nirudishe nyuma kwenye bakuli. Nikarudisha. Akatazama, akasema, "Huyu aliyechora ameosha vyombo," kisha hakufungua tena mdomo mpaka mkanda ulipokwisha. Mtu huyo alikuwa akikaa na gogo la mpingo miezi, anachonga mlima wa watu waliobebana, kila mmoja na uso wake, hata wale wa upande wa ukutani ambao mnunuzi hatawaona.

Hapo ndipo ninapogombana na nafsi yangu. Kinyago ukikichoka unageuza shingo, kesho unakirudia, hakikudai kitu. Filamu haikungoji, inataka jioni yako yote, na kwa mwendo inaoutaka yenyewe. Fundi wangu hakumketisha mtu kwenye benchi la mbao.

Nimesoma kidogo kuhusu hiyo yako. Nilikuwa nimeshaamua kwamba aliyeitengeneza ni mtu asiyetaka kukata jasho lake. Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde; hata kila mchoro ukikaa kwa picha mbili, ni michoro 720 kwa dakika moja. Nani ana moyo wa kutupa dakika kumi? Kumbe mwongozaji, Isao Takahata, hakuwa mchoraji hata kidogo. Ilipotoka mwaka 2013 alikuwa na miaka 78, na kazi yenyewe ilichukua kama miaka minane. Urefu ule mzee aliutaka. Pale binti anapokimbia kutoka karamuni, mavazi yanamvuka njiani, mistari inachanika inakuwa michirizi ya mkaa, pale sikwenda getini. Na pasingeuma vile kama hatungekaa naye kwanza kijijini kwenye mianzi, polepole. Lakini wale wachumba na hazina walizotumwa kumletea binti? Watano! Mmoja baada ya mwingine, na kabla hajakohoa unajua atashindwa. Hapo mzee angeniazima mkasi.

Sasa unataka niseme inafidia au haifidii. Mama yako kanikataza kuandika jibu mpaka tuirudie Ijumaa, kwa kuwa ati wale wa mwezini walipokuja kumchukua binti mimi nilikuwa nje. Si kweli, nilikuwa mlangoni, naona. Anasema ule muziki wao wa furaha, wakati wazazi wanalia, ndio uliomliza. Nimemkubalia, ingawa kalamu inaniwasha, na asingekuwa amekaa hapa pembeni ningekwisha kuliandika.

Waulize wajukuu zangu walichokea wapi hasa. Wasiniambie "ilikuwa ndefu". Nataka mahali penyewe. Korosho nimempa kondakta wa basi la alfajiri, zifuate Mbagala mwenyewe, usimtume mumeo, safari ile zilifika nusu.

Baba yako