Trapu haionekani, skrini imejaa nyekundu: maswali na majibu

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu Zabbix (programu ya kufuatilia mitandao) inayopokea trapu, yaani ujumbe wa SNMP ambao kifaa hujitumia chenyewe kikipata tukio, kupitia snmptrapd, programu ya kupokea trapu ya Net-SNMP, kwa hiyo majibu nayo ni ya huko.

Nimewasha trapu kwenye swichi zote 40 za Cisco, lakini dashibodi haionyeshi hata moja. Nisaidie haraka.

Swali hili haliishi kuja, na kila mara mwulizaji hasemi trapu inaishia wapi. Trapu hupita vituo vinne. Vikague kwa mpangilio, usirukie kubonyeza menyu za Zabbix.

Cha kwanza ni waya. Kwenye seva endesha `tcpdump -ni any udp port 162` ili uone pakiti zinazoingia, kisha chomoa kebo ya poti isiyo na mtumiaji. Usipoona pakiti, ama uliandika `snmp-server enable traps` ukasahau `snmp-server host` inayotaja trapu ziende wapi, ama faiwoli ya njiani imefunguliwa poti 161 tu. 161 ni ya seva kukiuliza kifaa, 162 ni ya kifaa kuipigia seva kelele. Ruhusa ya moja haifungui nyingine. Na ukiiona pakiti usishangilie: tcpdump huiona kabla haijapita faiwoli ya seva yenyewe.

Cha pili ni snmptrapd. Bila mstari `authCommunity log,execute,net nenolako` ndani ya snmptrapd.conf (`nenolako` ni neno la siri la SNMP, community, uliloweka kwenye swichi), inatupa kila kinachokuja. Onyo hulitoa mara moja, inapowaka, na hapo ndipo wengi hawaangalii.

Cha tatu ni faili. Zabbix haipokei trapu kutoka mtandaoni, inasoma faili. Njia ya faili iliyoandikwa ndani ya zabbix_trap_receiver.pl (skripti inayoliandika) na ile ya SNMPTrapperFile kwenye usanidi wa Zabbix lazima zifanane herufi kwa herufi, na StartSNMPTrapper iwe 1, maana yenyewe huja ikiwa 0. Faili hilo usiliache kwenye /tmp.

Cha nne ni anwani, na hapa ndipo wenye haraka hunasa. Zabbix huoanisha trapu na kifaa kwa anwani ya kiolesura cha SNMP ulichokisajili. Umesajili anwani ya Loopback0 (kiolesura cha ndani cha swichi), lakini swichi inatuma kwa anwani ya VLAN, yaani kiolesura kingine? Trapu inakosa mwenyewe. Tafuta maneno `unmatched trap received from` kwenye zabbix_server.log, kisha uandike `snmp-server trap-source Loopback0`. Kifaa kikiwa chini ya proksi ya Zabbix (seva msaidizi inayokusanya kwa niaba ya seva kuu), trapu iende kwa proksi, si kwa seva kuu.

Kujaribu bila kugusa swichi, kwenye seva yenyewe:

`snmptrap -v 2c -c nenolako 127.0.0.1 '' 1.3.6.1.6.3.1.1.5.3 1.3.6.1.2.1.2.2.1.1.2 i 2`

Hiyo ni linkDown (taarifa kuwa kiungo kimekatika) ya kiolesura namba 2. Ikiishia kwenye logi kama isiyo na mwenyewe, si kosa: kituo cha pili na cha tatu vinafanya kazi. Waya haujapimwa, maana trapu hii haikutoka nje ya seva.

Bado tunatumia "public" kama neno la siri la SNMP. Kuna ubaya?

Upo. Badilisha leo.

Tumeweka televisheni ukutani inayoonyesha trapu zote zinavyoingia. Imejaa nyekundu kutwa, na siku hizi hakuna anayeitazama. Tubadilishe rangi?

Rangi haina kosa. Trapu ni tukio, na skrini ya ukutani ni ya hali: kionekane kilichovunjika sasa hivi, na kikitengemaa kiondoke. Orodha ya ujumbe unaotiririka iwekeni kwenye ukurasa wa uchunguzi, ambako mtu huenda akiwa na swali mkononi.

Anzeni kwenye chanzo. Poti ya mezani hutoa linkDown kila mtu anapofunga kompyuta yake kwenda nyumbani. Kwenye poti hizo andikeni `no snmp trap link-status`. Bakizeni za kuunganisha swichi kwa swichi, za seva na za watoa huduma. Usizime kwa kuchuja ndani ya Zabbix kile unachoweza kukizima kwenye swichi.

Kisha oanisheni linkDown (namba yake huishia …5.3) na linkUp, kiungo kimerudi (…5.4). Ziwekeni kwenye kipengele (item) kimoja cha Zabbix, triga (kanuni ya kutangaza tatizo) iwe ya kuzalisha matatizo mengi, na toeni ifIndex, namba ya poti, kwa regsub (kukata kipande cha maandishi) iwe tagi (lebo ya tatizo). Ufungaji wa tatizo uwekwe kwa kulinganisha tagi hiyo. Bila tagi, poti ya 7 ikirudi hewani inafunga pia tatizo la poti ya 24 ambayo bado imekufa, na huo ni uongo mbaya kuliko nyekundu ya kutwa. Angalieni pia usemi wenu wa kutafuta: ukitafuta neno "linkDown" na seva haina MIB (faili za kugeuza namba za SNMP kuwa majina), faili litakuwa na namba tupu na hakuna kitakachoshika.

Trapu zikifanya kazi, naweza kuacha kuuliza vifaa kila dakika?

Hapana, na wazo hili limeangusha zamu nyingi za usiku. Trapu ni UDP: ikipotea hakuna anayejua. Na kiungo kilichokatika mara nyingi ndicho hichohicho trapu ingepitia. Umeme ukikatika ghafla tawini, ruta nyingi zinakufa bila kuaga. Inform, aina ya trapu inayotaka kukiriwa, hungoja jibu na hurudia isipojibiwa, lakini nayo haivuki waya uliokatika. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Bakiza ping na maswali ya SNMP, trapu ziongeze kasi tu.

Muda kwenye trapu uko nyuma kwa saa tatu.

Kuna kitu kinaonyesha UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Wekeni NTP (ya kulinganisha saa) kwenye vifaa vyote, hifadhini kwa UTC, onyesheni kwa saa za Afrika Mashariki. Na kwenye daftari la zamu andikeni 02:00 au 14:00. "Saa nane" tupu imewahi kuwa zote mbili.

Trapu za matawi yote zinaonekana kutoka anwani moja.

Ni NAT, ubadilishaji wa anwani njiani. Trapu za SNMP toleo la v1 zina anwani ya kifaa ndani yake. Za v2c hazina, isipokuwa pale mpokezi wa kati anapoongeza snmpTrapAddress. Weka proksi ya Zabbix kila tawi, au zipitishe kwenye VPN isiyobadilisha anwani.

v2c inafika, v3 haifiki. Jina na nywila ni sahihi.

Kwa trapu ya v3, engineID (kitambulisho cha SNMP cha kila kifaa) inayohesabika ni ya mtumaji, kwa hiyo snmptrapd inaihitaji mapema: `createUser -e 0x…` kwa kila swichi, pamoja na `authUser`. Kwa inform ni ya mpokeaji, na kazi inapungua. Cisco huiunda kutokana na MAC (anwani ya kiwandani ya kifaa), hivyo swichi mpya uliyofunga mahali pa iliyoungua itakuja na yake na kunyamaza, hata ukiipa usanidi uleule. Isome kwa `show snmp engineID` kabla hujaondoka kwenye raki.