Re: Inakuwaje mtu anafungwa kwa kesi ya watoto na hajafanya?

Mkuu swali lako zuri, unauliza inawezekanaje watu kibao wasingiziwe kumnajisi mtoto, kwani wote wametunga? Cheki kesi ya Outreau, kaskazini mwa Ufaransa, ilianza 2001. Na niseme mapema watoto walifanyiwa kweli, mahakama iliwatambua 12, baba na mama wa familia moja na majirani zao wawili ndo walihusika. Balaa lilikuja pale yule mama alipoanza kutaja majina, leo padre, kesho dereva teksi, keshokutwa dalali wa mahakama na mkewe, halafu watoto wakiulizwa nao wanaongeza, jaji anayeongoza upelelezi mwenyewe kijana yuko kituo chake cha kwanza cha kazi, anaona maelezo yanafanana basi kamaliza. Kufanana gani sasa wakati mama anaulizwa majina ambayo watoto wameshayataja?

2004 wakapandishwa watu 17 kizimbani, mama akasema mbele ya mahakama amedanganya, akageuka tena, na bado 10 wakakutwa na hatia. Sita wakakata rufaa Paris, 2005 wote wakaachiwa, jumla wasio na hatia 13. Mmoja mwingine alishafia mahabusu 2002 hata kesi haijasikilizwa, aisee. Wengine walikaa ndani karibu miaka mitatu na watoto wao wakachukuliwa kulelewa na watu baki. Rais wa Ufaransa wakati huo, Chirac, aliomba radhi, ila mtoto aliyekua wewe ukiwa haupo hiyo radhi anaifanyia nini.