Baki zisome kutoka chini kwenda juu

Mdogo wangu, kugawanya umegawanya vizuri kabisa, ulipokosea ni kwenye kusoma. Ulitaka kuandika 13 katika mfumo wa 2, ule wa tarakimu 0 na 1 tu. Umegawanya 13 kwa 2 mpaka ukafika 0, baki zikatoka 1, 0, 1, 1, nawe ukaandika 1011 kama zilivyofuatana. Hiyo ni 11 ya kawaida, si 13. Anza na baki ya mwisho: 1101, yaani 8 + 4 + 0 + 1.

Sababu yake usiikariri, ione. Chukulia uko pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, na sato 13 kwenye beseni. Wafunge wawili wawili: mafungu 6, anabaki mmoja. Huyo ni sato mmoja tu, kwa hiyo anakaa nafasi ya mamoja, kulia kabisa. Sasa unganisha mafungu mawili mawili: unapata 3 ya sato wanne wanne, halibaki fungu. Unganisha tena: fungu 1 la sato wanane, na linabaki moja la wanne. Hilo la wanane limepatikana mwisho na ndilo kubwa kuliko yote, ndiyo maana linakaa kushoto mwanzoni.

Ukitaka kutoka mfumo wa 2 kwenda mfumo wa 16, ambao kumi hadi kumi na tano huandikwa kwa herufi A hadi F, usigawanye upya. Kata namba yako ya mfumo wa 2 tarakimu nne nne: 10011100 inakuwa 1001 na 1100, yaani 9 na 12. Kumi na mbili huandikwa C, basi jibu ni 9C. Ila kata kuanzia kulia, tafadhali, wengi niliosoma nao walipotezea alama hapo. Zikipungua upande wa kushoto, jazia sifuri.