Jibu: Kwa nini Prince Edward Island ilichelewa kuingia Kanada

Ndugu, umeuliza iweje mkutano wa kuiunda Kanada ufanyike Charlottetown, mji mkuu wa Prince Edward Island, Septemba 1864, halafu kisiwa chenyewe kikae nje hadi tarehe 1 Julai 1873. Jibu ni ardhi.

Mwaka 1767 Waingereza walikikata kisiwa vipande 67 na kuvigawa London kwa bahati nasibu, kwa siku moja tu. Wengi waliopata hawakuwahi hata kukanyaga huko. Mkulima alifyeka msitu, akajenga nyumba, akalima, na bado akadaiwa kodi ya shamba na bwana aliye ng'ambo ya bahari. Hali hiyo iliendelea zaidi ya miaka mia. Kwangu mimi ni dhuluma, tena juu ya dhuluma, maana Wamikmaq, wenyeji wa asili wa kisiwa, walikuwapo kabla ya wote hao na hakuna aliyewauliza.

Wanakisiwa walitaka fedha za kununua ardhi kutoka kwa mabwana hao. Hawakuzipata, wakakataa muungano. Kilichowarudisha mezani ni madeni ya kujenga reli. Safari hii Kanada ilibeba deni na kuahidi hadi dola 800,000 za kununua ardhi, na sheria ya 1875 ikawalazimisha mabwana kuuza.

Kuhusu serikali ya kisiwa leo: wana Waziri Mkuu wa jimbo, bunge la viti 27, na Luteni Gavana anayemwakilisha Mfalme. Kwenye bunge la Kanada, Ottawa, wanapeleka wabunge 4, ingawa idadi ya watu wao haitoshi kwa viti hivyo, kwa sababu katiba inakataza jimbo kuwa na wabunge wachache kuliko maseneta wake, nao maseneta ni 4.