Gari la mifuko ya hewa kulala upande mmoja

Ndugu, kama gari linalobebwa na mifuko ya hewa badala ya springi linalala nyuma kushoto likikaa usiku kucha, usikimbilie kurekebisha kimo chake kwenye kompyuta. Hapo hewa inavuja. Washa, liinuke, kisha pulizia maji ya sabuni kwenye mfuko wa upande huo, hasa mikunjo ya mpira, na maungio ya paipu. Povu likitutumka, umempata mchawi. Ukipuuza, kompresa, yaani pampu ya kujaza hewa, itasukuma bila kupumzika mpaka iungue, na hiyo ndiyo bili chungu.

Kama halivuji ila limeinama tu, kagua kijiti cha sensa ya kimo, kifaa kinachopima gari limeinuka kiasi gani. Huwa kinapinda au kuchomoka. Kimo pima sehemu tambarare, toka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu yake. Na chini ya gari usiingie bila stendi za kulishikilia, tafadhali!