Kabla hujampeleka kaka yako kwenye kituo

Dada, umeuliza utajuaje kama kituo ulichoonyeshwa hapa Moshi kitamfaa kaka yako wa miaka 34 mwenye ulemavu wa akili, maana mama amezeeka na hawezi tena kumwogesha. Pole sana, najua uzito wake.

Usiishie kwenda siku ya miadi tu. Rudi bila taarifa, saa moja jioni, wakati wa chakula. Tazama wanavyolishwa: mlezi ameketi anaongea na mtu, au amesimama anasukuma kijiko huku macho kwenye simu? Kisha omba kuona miswaki. Binamu yangu alikaa kituo kimoja miaka miwili. Siku tuliyoingia ghafla tulikuta watu wanane, miswaki mitatu kwenye kopo moja, naye amevaa shati la mwenzake. Na kuta zilikuwa zimepakwa rangi mpya, zinapendeza! Tulimtoa wiki ile ile.

Uliza walezi wangapi wako zamu ya usiku, nani atatunza dawa za kaka yako na zinaandikwa wapi. Wakisema ndugu waje mara moja tu kwa mwezi, kataa. Asiyeweza kueleza alichofanyiwa anahitaji jicho la nyumbani kila mara.

Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri akusaidie kujua kama kituo hicho kimesajiliwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka utu wake uheshimiwe.

Na kaka mwenyewe akashinde huko siku nzima kwanza. Waandikie walezi anachopenda: machalari, redio, kulala taa ikiwaka.